Wewe ni nani wake?

Swali hilo niliulizwa kabla sijakaa, siku niliyokwenda ofisi ya serikali Kwale kumtafutia mtoto pesa za msaada. Afisa aliitazama karatasi niliyompa, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, Babu, aliyelala begani mwangu udenda ukimchuruzika hadi kwenye leso, kisha akauliza: "Mama, wewe ni nani wake?"

"Mamake mdogo."

"Kwa hivyo si mamake."

"Mamake alifariki."

"Una cheti cha kifo?"

Cheti sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni mtoto mwenyewe, miaka tisa, kilo 16, nimempandisha matatu mbili kutoka kwetu karibu na barabara ya Lunga Lunga, tukashuka Kombani, tukapanda nyingine hadi Kwale mjini, kisha nikambeba mgongoni hadi mlangoni pale. Nilidhani ushahidi wenyewe ndio huo. Kumbe ushahidi ni karatasi, na karatasi zote za Babu zilikuwa zinamtaja mtu mmoja tu, naye yuko kaburini.

Tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la baba yetu. Ukimsikia msichana wangu akiita "Babu, fungua mdomo," usidhani anamwambia mzee. Ana mtindio wa ubongo. Siku aliyozaliwa uchungu ulimshika dadangu muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Hakai mwenyewe, shingo bado haijakaza vizuri, na bakuli moja la uji humchukua dakika 40 kulimaliza, kijiko kwa kijiko, huku umemshika kidevu asije akapaliwa. Usiku lazima ageuzwe. Dadangu alipofariki mimi nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja Diani. Nilijaribu kuendelea na kazi kwa miezi miwili hivi, Babu nikimwacha kwa jirani. Siku moja nikarudi nikamkuta kwenye mkojo wa tangu asubuhi, jirani amekwenda arusini. Simlaumu, mtoto si wake. Kesho yake sikwenda kazini, na tangu hapo nashona madera nyumbani, mguu mmoja kwenye cherehani na jicho moja mkekani.

Kwa Kiswahili mama mdogo ni mama. Hakuna anayekuuliza zaidi. Hapa mtaani mimi ni Mama Babu na nimeacha kushangaa. Lakini fomu ina kisanduku cha baba, kisanduku cha mama na kisanduku cha mlezi, na huyo mlezi anaulizwa maswali ambayo mama haulizwi.

Pesa zenyewe ni za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza. Wengi huziita "pesa za wazee" kwa sababu wazee wa miaka 70 na zaidi ndio tunaowaona wakipanga foleni, na kwa jina hilo mimi nilikaa miaka minne nikiamini hazinihusu. Kumbe chini ya mwavuli huo kuna mpango wa mayatima na watoto walio katika shida, na kuna wa watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji kuangaliwa saa 24. Wote ni Sh2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zililipwa miezi miwili kwa pamoja, Sh4,000. Kinachoniuma ni kwamba ule wa mayatima ulipojaribiwa mara ya kwanza mwaka 2004, Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Garissa na Nairobi. Ulianzia mlangoni kwetu. Mimi nimekuja kuusikia mwaka 2023, usajili ulipofunguliwa tena, kwenye baraza la chifu, nikiwa nimekwenda kwa jambo jingine kabisa la mipaka ya shamba.

Jambo la kwanza la kuelewa, na ambalo laiti ningelielewa mapema lingeniokolea nauli nyingi, ni kwamba pesa hizi huombi jinsi unavyoomba kazi, ukapeleka barua ukangoja jibu. Wewe unajitokeza usajili unapofunguliwa, nyumba yako inaandikwa, mtandao unapima umaskini wako dhidi ya wa wenzako, majina yanarudi kijijini yasomwe, ndipo unaingizwa. Nafasi zikijaa, unangoja, hata kama unastahili. Mimi nilikwenda Kwale kama mtu anayekwenda kulipa stima: nitoe karatasi, nipewe risiti. Nilirudi na orodha ya karatasi nisizokuwa nazo.

Cheti cha kuzaliwa kilipatikana bila taabu kubwa maana Babu alizaliwa hospitali. Cha kifo ndicho kilichonitoa jasho. Dadangu alifia nyumbani, Alhamisi alfajiri. Kwetu maiti haikawizwi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na kabla ya alasiri tulikuwa tumerudi kutoka makaburini. Katika watu wote waliojaa uani siku ile, hakuna aliyekumbuka kwamba mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayepaswa kuarifiwa aandike, na kwamba bila maandishi hayo serikali inamhesabu kuwa yu hai. Naibu wa chifu mwenyewe alikuwa pale! Alibeba jeneza. Alikula wali wa matanga siku ya tatu. Nilipomwendea miaka minne baadaye alijikuna kichwa akasema, "Lakini Mama Babu, mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Bwana naibu, ulikuwa umeshika upande wa miguu." Tukacheka, halafu akaandika barua. Usajili uliochelewa una fomu zake na mashahidi wake, na safari zangu za Kwale kwa ajili ya cheti hicho kimoja zilifika tano.

Safari ya pili, nje ya ofisi, bwana mmoja mwenye shati safi na bahasha kwapani aliniambia Sh500 "ya karatasi" zingeifupisha njia. Nilikuwa nazo. Nilizishika mfukoni nikaziachilia. Aliyekuwa karibu, mama mmoja wa Kinango mwenye mtoto kiziwi, akanivuta ukaya akanong'ona kwamba kujisajili hakulipiwi, si kwa chifu wala kwa yeyote, na kwamba yeye alishaliwa hivyo hivyo mwaka uliopita. Kama unasoma haya na kuna mtu anakudai, huyo anadai ya kwake.

Baadaye nikampata afisa mwingine, kijana mdogo, alikuwa na subira isiyo ya ofisi. Akanikalisha, akanipa kiti cha pili nimlaze Babu miguu. Akaniambia, "Mamangu, una milango miwili, na nyumba moja inaingia kwa mlango mmoja tu. Mtoto huyu ni yatima. Mtoto huyu pia ana ulemavu. Utachagua."

"Upi unalipa zaidi?"

"Zinalingana. Elfu mbili hapa, elfu mbili pale."

"Basi kuna nini cha kuchagua, mwanangu?"

Akauliza umri wa Babu, nikamwambia. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: 18 - 9 = 9. Mpango wa mayatima, akasema, unamtazama mtoto, na mtoto akifika miaka 18 si mtoto tena. Ule wa ulemavu hauna umri wa kukomea. Akanigeuzia karatasi niione ile tisa. Nakiri kwamba sikuwahi kumfikiria Babu akiwa na miaka 18. Nilikuwa nafikiria wiki hadi wiki. Nilikaa pale nikiitazama hesabu ya darasa la pili kama niliyesomewa barua ya msiba. Atakuwa mrefu. Atakuwa na ndevu. Nani atambeba?

Tukachagua mlango wa ulemavu. Na cheti cha kifo nilichokipigania safari tano, kwa mlango huo, wala hakikuwa cha lazima sana. Nimekihifadhi hata hivyo. Ni haki ya marehemu kuandikwa.

Mlango wa ulemavu unapitia hospitali, kwa sababu lazima kwanza mtoto apimwe na jopo la madaktari, fomu ijazwe, ndipo asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Hospitali sitaitaja. Tulifika saa moja asubuhi, tukaonwa saa tisa na nusu. Walikuwa watatu mezani. Wakaanza kuuliza mmoja baada ya mwingine, na mimi nikajibu. Anatembea? Hatembei. Anakaa? Hakai. Anasema? Hasemi. Anajilisha? Hajilishi. Haja anajizuia? Hajizuii. Ukiyasema hayo mfululizo, mbele ya mtoto ambaye mimi najua anasikia, ulimi unakuwa mzito.

Halafu Babu akafanya jambo. Daktari wa kike aliinama kumpima, na Babu, ambaye siku nzima alikuwa amelegea kama nguo mbichi, akainua mkono wa kulia pole pole, mkono ukitetemeka, akakishika kile kipimo cha shingoni mwake. Akakivuta. Akacheka kwa sauti. Daktari akacheka pia, akasema, "Ala! Kumbe tuko macho."

Siku nyingine yoyote ningepiga kigelegele. Mazoezi ya mkono ule tumeyafanya miaka mitatu kwa chupa tupu na kamba. Lakini siku ile moyo ulinipasuka kwa hofu, na chini ya hofu kulikuwa na hasira: mtoto huyu, leo ndiyo siku ya kuonyesha anaweza? Nilitamani akiachilie. Nilitamani alegee. Nilimtoa vidole kimoja kimoja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na akaacha kucheka akanitazama.

Sijamwambia mtu hilo mpaka leo ninapoliandika. Fomu ilijazwa, "ulemavu mkubwa" ikaandikwa, muhuri ukagongwa. Kwenye matatu nilimpa mkono ule kidole changu akishike, akakataa mpaka tulipopita Tiwi.

Kadi ilipofika, ikaja zamu ya nyumba. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye namfahamu tangu tunacheza kibe, alikuja na simu ya kuandikia. Alijifanya hanijui, nami nikamstahi. Paa ni la nini? Makuti. Kuta? Udongo. Mnapikia nini? Kuni. Mna mbuzi wangapi? Kuku je? Jana mlikula mara ngapi? Nilipofika hapo nilisita, maana jana yake kulikuwa na hitima kwa jirani na tulikula pilau tukashiba. Nikamwambia ukweli. Akatabasamu akasema, "Swali ni mara ngapi, si nini." Halafu akaona cherehani. Akaitazama, nami nikaitazama. "Ni ya marehemu," nikasema, na ni kweli. Akaandika, sijui aliandika nini.

Wiki hiyo kijiji kizima kilikuwa na mchezo wake. Kuna televisheni iliyofunikwa kanga ikaitwa meza. Kuna kochi lililohamia kwa mkwe. Na kuna mzee wetu mmoja, aliposikia kwamba serikali inaandika "kaya maskini", aliinuka na bakora yake akataka kujua ni nani amewapa ruhusa ya kuingia kaya. Kwetu kaya ni misitu ya wazee, Kaya Kinondo na nyinginezo, mahali huingii hivi hivi. Ilibidi mhudumu amweleze kwamba Kiswahili cha ofisini kinaita nyumba na watu wake kaya. Mzee akafikiri, akasema basi hata sisi tulianza hivyo hivyo, kaya ni kwetu. Akakaa. Mimi nilipenda sana siku ile.

Baraza la kusoma majina lilikuwa chini ya mwembe, saa nne. Jina hili, nyumba hii, kuna mwenye neno? Likasomwa langu. Kukawa kimya, kisha mwanamume mmoja nyuma, simtaji maana tunaazimana chumvi, akasema: "Mtoto yule ana babake. Babake yuko Mombasa, anafanya kazi. Kwa nini serikali imlishe?"

Ni kweli. Ana babake. Alikuja mara ya mwisho kwenye arobaini ya dadangu, akamtazama Babu kwa mbali kama anayetazama moto. Hajatuma hata sabuni. Lakini kusema hivyo mbele ya watu 100, kwa sauti, ni kumvua nguo mtu ambaye ukoo wake wamekaa pale pale, na ni kumvua dadangu pia. Nilisimama nikakosa pa kuanzia.

Chifu ndiye aliyeuliza. Hakuuliza baba yuko wapi. Aliuliza, "Usiku mtoto huyo anapolia, nani anaamka?" Wakajibu wanawake, si mimi. Jibu halikuwa hata maneno, ilikuwa ile sauti ya kooni wanayotoa watu wakiulizwa jambo lililo wazi. Chifu akasema, "Endelea na jina linalofuata."

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja hakuna cha kusimulia. Miezi ikapita, nikasahau, nikakumbuka, nikauliza, nikaambiwa ningoje. Kisha nikaitwa kufungua akaunti, na pesa za kwanza zikaingia zikiwa zimechelewa. Nilizitoa zote kwa wakala kwa sababu sikuamini. Nepi za watu wazima, pakiti mbili, maana za watoto hazimtoshi tena: karibu Sh2,000 zikaisha hapo hapo. Maziwa. Deni la duka. Mafuta ya nazi ya kumkanda, hayo nayanunua kwa jirani. Hoteli ilikuwa inanilipa zaidi ya hizo mara nyingi, na sitajifanya hesabu zinalingana. Lakini sasa nepi si jambo la kuomba mtu, na hilo nalijua mimi na anayejua kuomba nepi.

Kuna kisanduku kimoja kwenye fomu ya kuingizwa ambacho nilikiruka, nikidhani hakitanifuata. Kinataka mlezi wa pili: mtu wa kupokea pesa kwa niaba ya mtoto iwapo wewe utaugua, utasafiri, au hutakuwepo. Afisa, yule kijana wa hesabu ya tisa, alikirudia. "Mamangu, hapa hujajaza."

Nilimtajia jina la wifi yangu, mke wa kakangu wa Likoni, lakini nililitoa kama mtu anayetoa jina la shule ya zamani. Wifi yangu ni mwema. Hajawahi kumlisha Babu hata mara moja. Msichana wangu, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 18, alikuwa amesimama nyuma yangu na bahasha ya kaki yenye karatasi zetu zote. Akasema, "Niandikeni mimi."

"Una kitambulisho?" afisa akamuuliza.

"Bado."

"Basi bado."

Nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Anataka kusomea upishi. Ana mikono mizuri na ndoto ya kutoka hapa, na sikutaka jina lake liingie kwenye kisanduku ambacho mimi mwenyewe niliingia bila kuulizwa. Tukaandika la wifi. Njiani sikusema kitu, naye hakusema kitu.

Wiki iliyopita msichana wangu aliondoka asubuhi bila kuniambia anakwenda wapi. Alirudi saa nane, akamgeuza Babu, akamfuta mdomo, akaishusha bahasha ya kaki kutoka darini. Akatoa mfukoni ile karatasi ya kusubiria kitambulisho, akaitia ndani, kati ya kadi ya Babu na cheti cha kifo cha mamake mkubwa. Akairudisha bahasha mahali pake na kuniuliza kama uji umeshapoa.